Soksi Ndani ya Saa ya Kengele

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Nukta alizitia saa ufunguo. Hiyo ilikuwa kazi yake tangu akiwa darasa la pili. Mama yake alikuwa fundi saa, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana. Saa zilijaa ukutani, mezani na juu ya kabati: thelathini na moja kwa hesabu, pamoja na ile kubwa ya kengele iliyomzidi bibi umri. Zote zilikwenda sawasawa. Watu wa mtaa walisema saa hizo zikigonga, majogoo huomba radhi kwa kuchelewa.

Jina la Nukta alipewa na mama, kwa sababu ya udogo wake na kutotulia kwake. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini nyumbani hakuna aliyelikumbuka.

Kando ya dirisha palikuwa na ubao wenye misumari, nao uliitwa ubao wa wiki. Saa iliyotengenezwa haikurudishwa kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Ilitundikwa pale siku saba, ikitembea na kutazamwa. Wateja wenye haraka walinung'unika kwamba fundi amezipenda saa zao, anataka kuzioa. Mama aliwajibu kwamba kutembea si kupona.

Wiki tano kabla ya hapo mama mwenyewe ndiye aliyekuwa mgonjwa. Alipokuwa akioga aligusa kitu kigumu kama punje ya harage kwenye titi la kushoto. Hakungoja. Alikwenda hospitali, akapimwa, ikaonekana ni saratani iliyokuwa bado changa. Daktari alikata uvimbe, titi akaliacha. Majirani walikuja na pole, baadaye wakaja na hongera, na Nukta akajua mambo yamekwisha.

Jumatatu mama alirudi hospitali kuchukua majibu. Aliporudi aliyaeleza huku akivua viatu, kama mtu anayesimulia habari za sokoni. Kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi. Tezi za kwapani zilikuwa safi, hazina saratani. Ila Alhamisi, saa nne kamili, alitakiwa kukaa na daktari waamue matibabu yanayofuata.

Nukta alikuwa ameshika kikombe. Hakukiangusha, lakini chai ilimmwagikia miguuni na hakuhisi moto wake.

"Yanayofuata ya nini, mama? Si wamekitoa?"

"Wamekitoa. Ndiyo maana nataka nikasikie."

Jibu hilo halikumwingia. Alikwenda nje, akakutana na mwenzake wa dawati moja, msichana aliyeitwa Redio kwa kuwa alizaliwa bila kitufe cha kuzimia. Redio alisikiliza, akatikisa kichwa kama mganga mkuu. Akasema shangazi yake naye alikatwa, kisha akaongezewa dawa, nywele zikadondoka zote, na mwishowe akafariki. Halafu akashusha sauti.

"Aliyepona haongezewi dawa, Nukta. Mama yako wanamficha ukweli tu."

Nukta aliyaamini maneno hayo. Hakuuliza shangazi alikwenda hospitali akiwa katika hali gani, wala kama ugonjwa ulikuwa ule ule. Siku mbili alitembea kama mtu aliyepigwa kibao na mtu asiyemwona. Akimtazama mama, aliziona nywele zake tu, zilizosukwa vizuri na kubanwa nyuma. Kufikia Jumatano jioni alikuwa ameamua: mama hatakwenda.

Alhamisi, mama akiwa bado amelala, Nukta aliingia karakana na kurudisha saa zote nyuma kwa saa moja. Simu haikumtia wasiwasi. Mama hakuwahi kutazama saa kwenye simu; kwake ilikuwa aibu, kama mwokaji kwenda kununua mkate kwa jirani. Kazi ilikuwa kwenye ile saa kubwa. Saa ya kengele hairudishwi nyuma, mashine yake huvunjika. Ili ionyeshe saa moja nyuma, lazima uizungushe mbele saa kumi na moja, nayo hugonga kila saa inayopita. Nukta alilijua hilo vizuri. Akachukua soksi yake ya shule, akaivisha nyundo ya kengele, kisha akaizungusha. Saa nzee ikazimaliza saa zake kumi na moja ikiguna ndani ya pamba.

Shule zilikuwa zimefungwa, na siku ikaanza kama kawaida. Mama alikunywa chai jikoni, akaingia karakana saa mbili ikiwa imekwisha kupita, akakaa mezani, akabana lenzi jichoni na kufungua saa ya mteja. Alisema ana muda wa kumaliza kazi moja kabla ya kuvaa. Nukta alifagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Alikuwa mama mkubwa, dada yake mama, ambaye wangefuatana hospitali. Alikuwa anahema.

"Wewe bado umekaa? Saa tatu na nusu hii."

Mama alizitazama kuta bila haraka. "Saa mbili na nusu, dada."

Mama mkubwa akageuka huku na huku. Kila alikotazama, ilikuwa saa mbili na nusu. Akasema basi yeye ndiye mwongo, maana kura thelathini na moja zimemshinda. Wakati huo huo saa kubwa, ambayo kila nusu saa hugonga mara moja, iligonga.

Ilisema pu.

Mama akaondoa lenzi jichoni. Alisimama, akafungua kijumba cha saa ile, akaingiza mkono, akatoa soksi nyeupe yenye mstari wa buluu. Aliishika mbele ya uso wake, akaigeuza. Mama mkubwa akasogea karibu kuitazama.

"Saa moja ikikosea, huo ni ugonjwa," mama alisema polepole. "Saa thelathini na moja zikikosea sawasawa, huo ni mkono wa mtu. Nukta."

Nukta alitaka kusema panya. Neno lilifika ulimini. Lakini panya gani anavaa soksi? Akalia, na kila kitu kikatoka pamoja na kilio: Redio, shangazi, nywele, na kwamba aliyepona haongezewi dawa.

Mama hakumgombeza. Rangi ya uso wake ilikuwa imebadilika, na hilo lilimtisha Nukta kuliko fimbo. Alivua aproni, akasema, "Vaa viatu. Hayo maswali utamuuliza mwenye majibu."

Walifika saa nne na dakika kumi na tano. Muuguzi wa mapokezi aliwaambia mama ameitwa mara mbili, na faili limerudishwa. Daktari huyo wa saratani huja Alhamisi moja tu kwa mwezi, basi warudi mwezi ujao. Nukta akasogea mbele ya meza. Mwezi mzima, kwa ajili ya soksi.

"Shikamoo," alimwambia muuguzi. "Mama hakuchelewa. Mimi ndiye niliyerudisha saa nyuma ili asije. Niliogopa."

Muuguzi alikuwa amesikia visingizio vya kila aina, vya mvua, vya tairi, vya mazishi ya watu walio hai. Hiki hakuwahi kukisikia. Alimtazama Nukta, akamtazama mama, akachukua faili na kuliweka chini ya mafaili yote. Wangekuwa wa mwisho, akasema, na wasitoke hata kwenda chooni.

Saa saba waliingia. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu. Mama alimsogeza Nukta mbele.

"Huyu ana swali. Alilala nalo siku tatu."

"Kama mmekitoa chote," Nukta alisema, "mnatibu nini?"

Daktari alisema wao huondoa kile wanachokiona. Ukivunja glasi jikoni unaokota vipande vyote, lakini bado unafagia, kwa sababu ya chembe ambazo jicho halizioni. Pengine hazipo. Hakuna kipimo kinachoweza kuapa. Kisha akamgeukia mama na kueleza moja baada ya nyingine. Mionzi ingepigwa kwenye titi lile tu, siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu. Ingeipunguza hatari ya ugonjwa kurudi kwa karibu nusu. Ngozi ingeweza kuwasha na kubadilika rangi, na angechoka, lakini nywele za kichwani zisingeguswa. Vidonge vingekuwa vya kila siku kwa miaka mitano, kwa sababu uvimbe wake ulikuwa unalishwa na homoni za mwili. Vingeweza kumletea joto la ghafla na maumivu ya viungo. Dawa ya mshipani ndiyo inayomwaga nywele. Kwa uvimbe mdogo kama wake, vipimo vilionyesha faida yake ni ndogo sana.

"Mimi nashauri," daktari alimalizia. "Mwili ni wako, uamuzi ni wako."

Mama aliuliza maswali mengi, akayaandika majibu kwenye daftari la kazi, katikati ya majina ya wateja. Akayasoma upya. Mama mkubwa alishika pochi yake kwa mikono miwili kana kwamba itaruka.

"Mionzi nakubali," mama alisema. "Na vidonge nakubali. Hiyo ya mshipani, kama faida ni ndogo hivyo, naiacha."

Daktari akasema hata yeye angefanya hivyo, akaandika kadi ya kuanza mionzi.

Waliporudi nyumbani Nukta alizirekebisha saa zote mwenyewe, moja moja, hadi vidole vikamuuma. Mama alikaa akimtazama. Alipomaliza, mama aliitundika kadi yake kwenye ubao wa wiki, kwenye msumari kati ya saa mbili zilizokuwa zikitazamwa, kisha akamrudishia soksi.

"Sikukasirika kwa kuogopa kwako. Hata mimi naogopa," alisema. "Lakini soksi hainyamazishi saa, mwanangu. Inanyamazisha kengele tu. Saa yenyewe inafika, nasi tunakuwa hatukujiandaa. Siku nyingine ukiogopa, niulize mimi kabla ya Redio. Na ukikosa, sema kama ulivyosema leo pale mapokezi. Ukweli wako ndio uliotuingiza kwa daktari."

Nukta aliitikia kwa kichwa. Nyuma yake saa kubwa iligonga saa kumi, kwa sauti yake yote, na mama mkubwa, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti, aliruka akiuliza ni nani amechelewa tena.