Themanini na Nne za Wahida

"Pole sana mwanangu. Wangapi wanafeli mitihani na wanakula wanashiba! Usijiumize roho."

Wahida aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. Alikuwa jikoni kwao Jeddah, bado na sare yake ya unesi, soksi moja kaivua na moja hajaivua. Aliyekuwa akizungumza ni Bi Safa, mama wa mchumba wake, kutoka Riyadh.

"Nimefeli nini, mama?"

"Huo mtihani wako wa sheria. Vuai kanieleza yote, usione haya. Nimekukaangia visheti, kuna watu wanakuja huko kesho, nimewapa wakuletee. Na kusema kweli, Mungu kakupenda. Mkwe wangu asimame mahakamani kubishana na wanaume? Mie roho yangu ilikuwa haitaki."

"Ahsante, mama," akasema Wahida.

Hakufeli. Majibu ya kudurati, mtihani wanaopewa watu wenye digrii wakitaka kurudi chuoni, yalitoka juzi yake: themanini na nne kati ya mia. Kwa miaka minane alikuwa nesi. Vyuo viwili vilikuwa tayari kumchukua mtu kama yeye, aliyesomea kitu chengine, aanze sheria. Cha Riyadh kilitaka themanini, na masomo yake ni ya mchana, kwa hiyo kazi ingebidi aiache. Cha Jeddah kilitaka sabini na tano, na watu husoma jioni wakitoka kazini. Cha Riyadh kina jina zaidi, tena Riyadh ndiko aliko Vuai, fundi wa lifti anayeishi na mama yake mtaa wa Shumaisi. Wahida alishachagua Riyadh. Na mtu wa kwanza kumwambia alikuwa Vuai.

Akaivua ile soksi ya pili, akampigia.

"Eeh, wakili wangu!"

"Vuai, mimi nimepata ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Kudurati."

"Si themanini na nne? Mpaka mafundi wenzangu nimewatambia."

"Mafundi wanajua. Mama yako kanipigia kunipa pole."

Nyuma ya Vuai kuna mtu anamhimiza kwa kelele, "Yalla, ya Vuai, yalla!"

"Wahida, nisikilize. Mama ana presha. Alisema mkwe wa mahakamani hamtaki, na akdi ya ndoa imebaki wiki mbili. Nikaona nimtulize kwanza. Tukishaoana tutamwambia polepole."

"Tutamwambia nini? Kwamba kila asubuhi nakwenda sokoni na mkoba wa vitabu?"

Vuai akacheka. Wahida hakucheka.

"Na wewe mwenyewe, unataka nisome?"

"Mie... wewe nesi, una kazi yako nzuri. Na miaka thelathini na mbili hii ndiyo unaanza tena daftari na kalamu?"

"Mwezi uliopita nilimfunga mkono dada mmoja wa Kikenya, Keziah. Kavunjika kazini, na ikama, kibali chake cha kukaa, anayo kafili aliyemwajiri. Kanishika nguo, 'Sista, sasa nifanye nini?' Nikamwambia asiiloweshe plasta. Ndiyo jibu nililokuwa nalo, Vuai. Nimechoka kuwa na jibu hilo tu."

"Hukuwahi kuniambia hayo."

"Nilikwambia. Ulikuwa unatazama mpira."

Akakata simu. Akaoga, akasali, akakaa kitandani na taulo kichwani, kisha akaandika ujumbe:

"Nimebadilisha. Nasoma hapa Jeddah, na kazi siachi. Kwenye akdi naweka masharti mawili: nisizuiwe masomo, na nisihamishwe kutoka Jeddah mpaka nimalize. Na kabla ya akdi umwambie mama ukweli kwa mdomo wako. Kama hutaki sema sasa, watu hawajaalikwa bado."

Majibu yalichelewa, yakaja mafupi: "Nitamwambia. Wallahi. Usiniache."

Siku ya pili visheti vikafika, bakuli limefungwa vizuri kwa kitambaa cha maua. Baba yake Wahida, Mzee Mubarak, akafunua.

"Vya nini hivi?"

"Vya kufeli kwangu, baba."

Mzee akala kimoja, akachukua cha pili. "Basi ufeli tena."

Lakini alipoelezwa habari yenyewe aliacha kutafuna.

"Hayo masharti ni haki yako. Nchi hii mabibi harusi wanaandikisha kila siku, wewe si wa kwanza. Mimi ndiye walii wako, wa kukuozesha, nitampa maadhuni, mfungishaji ndoa, ayasome mbele za watu. Lakini huyo kijana kama hasemi na mama yake, mimi simlazimishi."

Siku ya akdi Vuai na mama yake waliwasili na ndege ya asubuhi. Wanaume wakakaa sebuleni, wanawake chumba cha pili, pazia katikati. Bi Safa alimkumbatia Wahida, akamweka sawa koja la jasmini kichwani, akamnong'oneza, "Umepoa lakini? Hukulia sana?"

Hapo Wahida akajua. Vuai hakumwambia mama kitu.

Maadhuni akaanza kusoma kwa sauti. Jina la bwana, jina la bibi, mahari. Kisha: "Sharti la kwanza. Mume asimzuie mke wake masomo yake ya sheria."

"Masomo gani?" Bi Safa akauliza kutoka ndani. "Si kafeli?"



"Baba," akaita Wahida, "mwambie maadhuni asubiri. Mie sitii sahihi mpaka aliyesema nimefeli aje aseme tena."

Vuai alikuja mpaka kwenye pazia.

"Mama, Wahida hakufeli. Kapata themanini na nne. Mie ndiye niliyekudanganya."

"Themanini na nne kati ya ngapi?"

"Mia."

"Wewe skuli uliwahi kuipata hiyo?"

"Hapana, mama."

"Ukanikalisha jikoni nakaanga, namlilia mtoto wa watu, kumbe mzima!" Bi Safa akamgeukia Wahida. "Mie mahakamani sipapendi, mwanangu. Nitalisema hilo mpaka nife. Lakini kudanganywa na niliyemzaa ndiyo sitaki kabisa."

Wahida akamuuliza Vuai:

"Na wewe kuhamia huku, maana mie Jeddah sitoki?"

"Nimeshaomba kazini."

"Umeomba, au umesema tu?"

Vuai akapitisha simu chini ya pazia. Ujumbe wa bosi wake ulikuwa wa wiki iliyopita: "Tawi la Jeddah wamekubali. Unaanza mwezi ujao. Mshahara ule ule, usilalamike."

"Hili umeliweza," akasema Wahida. "La mama ndiyo likakushinda?"

"Bosi simwogopi."

Wanawake wakaangua kicheko, na Wahida naye kikamtoka. Akarudisha simu. Maadhuni akasoma masharti yote mawili tangu mwanzo, Vuai akasema nimekubali, sauti yake ikasikika mpaka jikoni. Wahida akatia sahihi.

Bi Safa akapiga kigelegele, akakikata katikati.

"Shekhe, na mie nina sharti. Huyu akidanganya tena, mkewe aniambie mimi siku hiyo hiyo."

"Hilo haliingii kwenye mkataba, mama," akasema maadhuni.

"Liache lisiingie," akasema Wahida, akamshika mkono mkwewe. "Mie nimelikubali."