Tangi Juu ya Paa la Kuze

"Dama! Mchumba wako yuko juu ya paa na msumeno!"

Nikainua macho...

Jamani, nilimwona mwenyewe! Tony, mwanamume aliyekuwa anioe Desemba, amepiga magoti juu ya nyumba niliyoichora mimi, anakata kitu. Anakata kwa haraka, kama mwizi anayeogopa kukutwa.

Na chini yake, ukumbini, akina mama wamejaa tele!

Ngoja niwaeleze kidogo, ndugu zangu, msije mkapotea.

Mwaka ni 1996, mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, Mombasa. Mimi ni binti wa Majengo, kazi yangu kuchora ramani za majumba. Bi Zuweina, mama mtu mzima wa pale pale Kuze, aliitoa wakfu nyumba ya wazazi wake iwe ya mtaa mzima.

Nyumba ya mawe ya kale. Kuta nene, uwanja wazi katikati, upepo unaingia huku unatokea kule. Sikuvunja ukuta hata mmoja. Nilizibua madirisha yaliyokuwa yamezibwa, nikapaka chokaa, nikaweka sola juu ya paa.

Watu walinicheka! "Umeme wa jua? Mwanamke huyu ana wazimu!"

Lakini jua lilivuta maji ya kisima mchana, likawasha taa za watoto wa madrasa magharibi. Umeme wa mtaa ukikatika, sisi tunawaka.

Tangi la maji nililipanga chini, uani, juu ya msingi wa mawe. Paa lile limeshikwa na boriti za mikoko za tangu enzi za mababu. Sola ni nyepesi, zinabebeka. Maji hayabebeki.

Sasa, kulikuwa na tajiri mmoja aliyekitaka kiwanja kile ajenge ghorofa. Alikuja akavua viatu vizuri, akanywa kahawa, kisha akamwambia Bi Zuweina kwa upole:

"Nyumba hizi kuukuu huanguka zenyewe, mama. Sisi twangoja tu."

Akatabasamu. Lile tabasamu silisahau mpaka leo...

Siku chache kabla ya ufunguzi nilikwenda Malindi, mama yangu aliugua. Kazi nikamwachia Jael, msimamizi wa mradi. Jael alikuwa shoga yangu tangu chuo, tumekula sahani moja. Tony ndiye fundi wetu wa sola, naye siku hizo alikuwa na kazi nyingine Likoni.

Nikarudi siku yenyewe ya ufunguzi, jua limeshapanda. Jael akanivuta pembeni kabla sijafika uani.

"Shoga, sitaki kukuumiza..."

"Sema."

"Nimemwona Tony na watu wa yule tajiri."

"Tony wangu?"

"Haya, mimi nimenyamaza. Utajionea."

Na kabla sijamtafuta Tony nimuulize, ndiyo nikasikia ile sauti ya Jael kutoka njiani, "Dama! Mchumba wako yuko juu ya paa!"

Vijana wa mtaa walipanda kama nyuki. Mimi nyuma yao, buibui la watu nalikanyaga, sijali.

Nilipofika juu walikuwa wamemshika. Mdomo unamtoka damu.

"Tony! Unafanya nini?"

"Usiniangalie mimi, Dama. Angalia nyuma yako!"

Nikageuka...

Tangi langu! Tangi lililokuwa liwe uani, limepandishwa paani, juu ya ukumbi kabisa, linakaribia kujaa maji! Na jua la karibu na adhuhuri linachoma. Jua likizidi, pampu inavuta. Pampu ikivuta, tangi linazidi uzito. Jua nililolileta mimi kuwasaidia watu ndilo lilikuwa linawaua polepole!

"Waya wa pampu nimeshaukata," Tony akasema. "Mkono wa koki umeng'olewa, maji hayafunguki. Nakata bomba. Akina mama wameshatoka?"

"Watoke wapi? Wamejaa ukumbini!"

Akanitazama kama aliyeona maiti.

"Nimemwambia Jael awatoe tangu nilipopanda!"

Chini ya miguu yangu kitu kikalia. Kraaa...

"Mwacheni!" niliwapigia kelele wale vijana. "Mwacheni akate! Nyote shukeni!"

Nilishuka ngazi sijui vipi. Nikaingia ukumbini, vumbi la chokaa linadondoka kwenye sinia za mahamri.

"Tokeni! Tokeni nje! Paa!"

Bi Zuweina hakuuliza swali. Alisimama, akapiga kofi moja.

"Haya, nde! Nde nyote! Wachani viatu!"

Wakatoka. Wengine wanalia, wengine wanasoma shahada. Maji yakaanza kumwagika njiani kutoka juu. Tony alikuwa amelikata bomba. Akashuka, anahema, shati limelowa damu na maji.

Nikashusha pumzi. Nikamtafuta Jael kwa macho. Alikuwa kando, mikono kifuani, ametulia. Katulia mno.

"Jael, kwa nini hukuwatoa watu?"

Akageuza uso, akatazama njia.

Hapo mama mmoja akauliza, "Na yule mgeni je? Yule mama wa bara aliyeomba mahali pa kupumzika? Yuko chumba cha nyuma."

"Mgeni gani?"

"Kasema jina lake Truphosa. Amekuja kimya kimya, ati amfurahishe bintiye."

Wapendwa, Jael alipiga ukelele ambao sijausikia tena maishani!

"Mama! Mama yangu yumo ndani! Waliniambia paa litapasuka tu! Waliniambia nyumba itapigwa marufuku, hakuna atakayekufa! Mamaaa!"

Mtaa mzima ukaganda.

Aliyekwenda alikuwa Tony. Huyo huyo waliyempasua mdomo. Nilimshika shati, likabaki kipande mkononi mwangu.

Tulimwona akitokea mlangoni, amemshika yule bibi mkono. Akamsukuma mbele kwa nguvu zake zote. Bibi akaanguka njiani, mzima.

Kisha paa likashuka.

Tony hakutoka.

Mahakamani Jael alikana kwamba ndiye aliyelipandisha tangi kwa ajili ya yule tajiri. Alisema ukelele ule ulikuwa wa kuchanganyikiwa. Aliyesimama kizimbani akatoa ushahidi dhidi yake alikuwa mama yake mzazi.

"Nilimsikia kwa masikio yangu," alisema, akilia. "Nilimzaa mimi. Lakini yule kijana naye alizaliwa."

Jael alifungwa. Yule tajiri hakuguswa hata ukucha, alikufa kitandani kwake akiwa mzee.

Nyumba tuliijenga upya, na kiwanja hakukipata. Taa zinawaka hadi leo.

Wapendwa, anayekuletea habari mbaya za mwenzio, kwanza muulize yeye alikuwa wapi. Na ukimkuta mtu na msumeno mkononi, kabla hujampiga, tazama anakata nini.