Kanuni ya Hedwiga

Nilikuwa nageuza kahawa kichanjani, hapa nyumbani Maguu, mume wangu Damiano alipotokea anakimbia bila viatu.

"Stephano ameuawa."

Stephano ni mdogo wake. Nilimfuata mpaka bondeni. Alikatwa shingoni, akakatwa kiunoni. Kiwiliwili hakipo. Damu iliruka hadi kwenye majani ya migomba, bado inadondoka. Na kichwa kilisogezwa chini kikagusana na kiuno, kana kwamba katikati hapakuwahi kuwa na kitu.

Hapo nikamkumbuka wifi yangu Hedwiga, tunayeishi naye. Yeye anatengeneza tovuti ya matangazo ya misiba, ili jamaa walio mbali wapate habari. Juzi alinionyesha kanuni ya kompyuta aliyoiandika, mstari mmoja wa mabano, nyota na alama za kuuliza. Inapita kwenye ukurasa. Ikikuta neno "Marehemu" inaanza, ikikuta nukta inaishia hapo, na kilicho kati inakitoa. Ili kuijaribu, aliandika matangazo mawili ya uongo. Marehemu Stephano. Marehemu Cleopa.

Cleopa ni mwanangu.

"Wifi, aliye hai hatangaziwi msiba," nilimwambia siku ile.

"Acha uzee, wifi. Kompyuta haijui miiko ya Kimatengo."

Nilirudi nyumbani mbio. Hedwiga alikuwa mbele ya kompyuta.

"Futa jina la mtoto."

"Nimeshafuta," alinong'ona. "Ukurasa ni mtupu. Tazama."

Akabonyeza. Kanuni ikatoa jina kiooni: Cleopa. Akabonyeza tena. Cleopa.

"Basi ifute hiyo kanuni yenyewe."

Akaifuta. Ikarudi, alama moja moja, mikono yake ikiwa mapajani.

Nyuma ya nyumba Cleopa alipiga yowe.

Nilichukua panga. Nikaipiga kompyuta. Kioo kiliruka, kikamchana Hedwiga shavu. Nikapiga tena. Kila pigo, yowe lilipanda. Sikuacha. Nilipiga mpaka meza ikapasuka, na yowe likakatika.

Kisha Cleopa akaingia kwa mlango wa jikoni, anafunga vifungo vya shati.

"Mama, chakula bado?"

Polisi walikuja wakaondoka. Majirani walikuwa nje, wanaimba nyimbo za msiba. Lakini msiba haumshibishi mtoto. Jioni nilisonga ugali, nikapakua na dagaa wa usipa, nikawahesabu. Damiano. Hedwiga, kitambaa shavuni. Cleopa. Mimi. Wote tupo.

Cleopa alikula haraka. Akasukuma sahani.

"Niongeze."

Nilimwekea mkono mgongoni, niinamie sahani yake. Shati likabonyea. Mkono wangu ukaendelea kwenda mbele, taratibu, bila kugusa mfupa, mpaka vidole vikafika kwenye vifungo vya kifuani.

Damiano alikuwa anakula. Cleopa alinitazama, anatafuna.

Nikamwongezea.