Kebo ya Gia

Haya yalimkuta rafiki yangu fundi cherehani, mtu asiyejua hata kutunga udhuru. Mwezi mmoja baada ya kumzika kaka yake, alilala chali gizani chini ya gari la spoti la marehemu, akibadilisha kebo ya gia iliyokatika. Hakulia, hakuwaza, mikono ilijifanyia kazi.

Enzi zao za kulitengeneza gari hilo pamoja, fundi alilala chini na kaka ndiye aliyekaa kwenye usukani. Akiitiwa gia, huiingiza, kisha hugonga sakafu kwa kisigino mara mbili, maana yake tayari.

Fundi alipokaza ncha ya chini ya kebo, mazoea yakamponza.

“Moja, kaka.”

Kebo ikavutika mkononi mwake. Juu yake, ko, ko.

“Mama watoto naye leo kawa makanika,” akajisemea. “Haya, rivasi.”

Ko, ko.

“Baba watoto, unaongea na nani?” mkewe akauliza kutoka jikoni.

Fundi akajiburuza nje, akachungulia ndani ya gari. Hapakuwa na mtu. Mkono wa gia ulikuwa kwenye rivasi, na ncha ya juu ya kebo ilikuwa kitini, haijaunganishwa na chochote, bado imefungwa uzi wa dukani.