Panya Aliyejua Kufunga Fundo

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya migunga, Ndinda alikuwa amekwisha kufungulia kuku, kufagia uwanja na kumtekea Susu maji ya kunawa. Susu ndivyo Wakamba wanavyomwita nyanya, na huyu Susu wa Ndinda alijulikana katika kijiji kizima nje ya soko la Ikutha. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kucheka, na jicho lake halikupitwa na kitu.

Kazi ya mwisho kabla ya kwenda shule ndiyo Ndinda aliyoipenda kuliko zote. Alipanda ngazi fupi, akaingia ghalani na kuteka mahindi ya kupika siku hiyo. Ghala lilikuwa la fito zilizosukwa, limeinuliwa juu ya miguu minne ya mti. Ndani mlikuwa na magunia matatu: la mahindi, la kunde, na dogo kabisa, la njugu karanga.

Gunia hilo dogo lilikuwa na heshima zake. Susu alipoolewa alivuka Mto Athi kutoka kwao Mukuyuni akiwa na njugu chache zilizofungwa kwenye pembe ya leso, zawadi ya mama yake. Akazipanda, na tangu mwaka huo hakuwahi kununua mbegu ya njugu. Kila mavuno aliweka gunia moja la mbegu, akalifunga kwa kamba ya mkonge, na kila mtu nyumbani alijua kwamba hizo si za kuliwa.

"Hizo zinangoja mvua," Susu alizoea kusema. "Na mvua ya huku kwetu haipigi hodi mara mbili."

Lakini njugu hizo zilikuwa nono, tena zilinukia. Ndinda, mwanafunzi wa Gredi ya Sita na hodari wa hesabu, alijipigia hesabu kwamba gunia lenye maelfu ya njugu halitajua limepungukiwa na kumi. Akafungua, akala kumi, akafunga. Kesho yake akala kumi na tano. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, ila walisahau kutuambia kwamba haba na haba humaliza gunia pia. Wiki ya pili Ndinda alikuwa akijaza mfuko wa sketi na kumgawia rafiki yake Mbinya njiani.

"Aki Susu wenu ni mkarimu!" Mbinya alisema huku akitafuna. "Mwambie nimesema asante."

"Nitamwambia," Ndinda alijibu, na hakumwambia.

Maganda nayo yalipata mahali pake. Nyuma ya ghala palikuwa na bati kuukuu lililoegemezwa kwenye rundo la mawe, na hapakuwa na mtu mwenye sababu ya kuchungulia nyuma yake. Ndinda aliyatupa humo kila asubuhi, pamoja na njugu zilizosinyaa ambazo hazikumpendeza mdomoni.

Jioni moja mwishoni mwa Septemba, jamaa yote ilikuwa uwanjani ikila muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa pamoja na kunde. Susu aliweka sahani yake chini.

"Gunia langu la njugu limeinamisha shingo," alisema. "Nani anajua limepatwa na nini?"

Baba Musembi alimtazama Mama. Mwau, kitinda mimba wa miaka sita, alionyesha viganja vyake vitupu bila kuulizwa. Kabla Ndinda hajafikiri, mdomo ulikwisha kusema.

"Ni panya, Susu!"

"Panya?"

"Panya buku! Nilimwona leo asubuhi. Mkubwa hivi." Alipima kwa mikono, na alipoona hakuna aliyemkatiza, akazidi kunogesha. "Sikio lake moja limekatika. Na mkia wake ni mrefu kama wa ng'ombe. Hapana, kama wa mbuzi."

"Alikusalimia?" Mwau aliuliza.

Wote waliangua kicheko. Susu alicheka kuliko wote, mpaka akafuta macho kwa pembe ya leso. "Haya," alisema. "Kama ni panya, basi tumtafutie dawa yake."

"Dawa ipo," alisema Baba, aliyekuwa fundi wa mabati pale sokoni. "Kuna yule mtu wa kipaza sauti anayezunguka akiita, 'Dawa ya panya! Dawa ya mende! Wakilala hawaamki!' Kesho nitaleta pakiti."

"Wacha, Musembi," Susu alisema. "Sumu haijui huyu ni panya na huyu ni kuku. Mwaka jana majirani waliipaka kwenye chapati. Alikufa panya mmoja, na vifaranga tisa, na mbwa. Na sisi tuna Mwau hapa, anayetia kila kitu mdomoni."

"Siku hizi sitii!" Mwau alilalamika, akitema kifungo cha shati ili asikike vizuri.

Ikaamuliwa kwamba watafute paka. Jumamosi Ndinda alitumwa sokoni na kikapu chenye kifuniko, hadi kwenye kibanda cha Mwanahamisi, mama mmoja mwenye asili ya pwani aliyeuza leso na vitambaa. Paka wake alikuwa amekaa mlangoni, mnene, rangi ya majivu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako amekwisha kuniambia. Huyu hapa, anaitwa Karani."

"Kwa nini Karani?"

"Kwa sababu mchana kutwa amekaa akitazama watu na hakuna anachofanya," Mwanahamisi alisema akicheka. "Lakini panya akipita, utashangaa. Mpeni maji, na msimshibishe kupita kiasi. Ila kumbuka, paka wangu hukamata panya wa miguu minne. Panya wa maneno hamwezi."

Ndinda aliinamisha uso akajifanya anafunga kikapu.

Siku tatu nzima Karani alilala juu ya kinu kilichopinduliwa, tumbo juani. Alinusa ghala mara moja, akapiga miayo, akarudi kulala. Ndinda, ambaye sasa hakuligusa gunia, alianza kupumua. Panya wake wa sikio moja angesahauliwa, na mambo yangekwisha hivyo.

"Huyu paka amekuja likizo," Baba alisema siku ya tatu. "Au labda hapa hakuna panya."

"Lisemwalo lipo," Susu alijibu taratibu, "na kama halipo, laja." Akamtazama Ndinda kidogo tu, lakini ilitosha kumfanya apaliwe na chai.

Siku ya tano ndipo lilipokuja. Ndinda alipanda ngazi kuteka mahindi, akaona kwenye ubavu wa gunia la njugu tundu linaloweza kuingia ngumi. Sakafuni palitapakaa vinyesi vyeusi mithili ya punje za mchele ulioungua. Kabla hajaelewa anachokitazama, kitu chenye manyoya kilipita mbio juu ya mguu wake. Alishuka ngazi bila kuzigusa nusu ya daraja zake. Uongo wake ulikuwa umeota miguu minne na mkia!

Na hakuwa panya mmoja. Harufu ya maganda na njugu zilizosinyaa ilikuwa imewaita kutoka vichakani, wakapata chakula, wakapata kivuli, wakajenga. Karani aliamka likizoni na kuwanasa wawili siku hiyo hiyo, lakini wengine walikula, wakatoroka na kutokomea mahali ambapo hakuna aliyepajua. Hakuna isipokuwa Ndinda. Baba alipekua paa la jikoni, Mama akapekua zizi la mbuzi, na Ndinda akapekua nao kila mahali ila pale palipostahili.

Jumamosi iliyofuata mawingu ya kwanza yalionekana upande wa mashariki. Susu alimimina njugu zilizobaki kwenye ungo na kuzipitisha mkono. Safari hii hakucheka.

"Zimebaki za mistari michache," alisema. "Wakizila wiki moja zaidi, mbegu ya mama yangu imekwisha. Na mvua ndiyo hiyo inakuja."

Ndinda hakuwahi kumsikia Susu akisema kwa sauti ile, sauti ndogo ya mtoto aliyepoteza kitu. Ilimchoma kuliko kiboko.

"Mama, mambo ya paka yamenishinda," Baba alimwambia Susu, akiishika baiskeli. "Naenda kuleta ile pakiti. Kuku tutawafungia."

"Na Karani?" Mwau aliuliza.

Baba alianza kuisukuma baiskeli. Paka akila panya aliyekula sumu, naye huenda asipone, na kila mtu pale alijua hivyo. Karani mwenyewe alikuwa juu ya kinu akijilamba mguu, hana habari. Ndinda aliwatazama paka, kuku, Mwau na mdomo wake usiotulia, na Susu aliyeinamia ungo. Baiskeli ilikuwa imekwisha kufika langoni alipoikimbilia na kushika keria.

"Baba, usiende! Najua wanakokaa."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu ni mimi niliyewalisha."

Akasema yote, kuanzia njugu kumi za kwanza hadi mfuko wa sketi, Mbinya, maganda na sikio lililokatika. Alisema huku machozi yakimtiririka.

Baba alifungua mdomo, lakini Susu alikwisha kusimama. "Bati liko wapi? Twende. Maneno yatangoja, panya hawangoji."

Walijifunga leso puani. Mama alinyunyiza maji ili vumbi lisipande, kwa kuwa vumbi la vinyesi vya panya huleta maradhi. Baba aliushika upande mmoja wa bati, Ndinda mwingine, Karani akaitwa mbele. "Moja, mbili, tatu!"

Ilikuwa vurugu ambayo kijiji kiliihadithia mwezi mzima. Panya walitoka kila upande. Karani aliruka kama si yeye aliyelala siku tatu. Jogoo alimkabili panya mmoja, akajuta, akapanda mgongoni mwa mbuzi. Mwau alipanda juu ya kinu akipiga kelele, "Huyo! Huyo! Aiya, yule ana masikio yote mawili!" Mama alikosa panya kwa fagio akampiga Baba mguuni. Mambo yalipotulia, Karani alikuwa na panya wanne, Baba watatu, na wengine walionekana wakikimbilia vichakani kama waliosahau kitu huko.

Kisha kazi yenyewe ilianza. Maganda yote yalichomwa, mizoga ikafukiwa shimo refu, na kila mtu akanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Baba alikata mabati chakavu, akayakunja kama faneli zilizoelekea chini, akavisha kila mguu wa ghala faneli moja. Panya akipanda angefika hapo na kugonga kichwa. Ngazi ikawa ya kuondolewa kila baada ya kutumiwa. Ndinda alifyeka majani kuzunguka ghala mpaka mikono ikaota malengelenge, na Mbinya, aliyeambiwa ukweli siku hiyo hiyo, alikuja na jembe lake.

"Mimi pia nilikula," Mbinya alisema kwa haya. "Hata nilisema asante."

Jioni Susu alimwita Ndinda karibu. Alikuwa na lile gunia mapajani, tundu lake limekwisha kushonwa.

"Mimi hufunga fundo la mama yangu," alisema. "Linazunguka mara tatu, kisha linapita chini. Tangu mwanzo wa Septemba nikipanda ghalani nakuta fundo la viatu vya shule, lenye masikio mawili. Nikajiuliza, huyu panya amesomea wapi?"

Baba alitema chai. Mama alicheka, Mwau akacheka bila kujua kwa nini, na Ndinda akajikuta analia na kucheka kwa pamoja.

"Ulijua, Susu! Mbona hukusema?"

"Nilikungoja uje mwenyewe. Nami nilikosea, nilicheka mno hadi panya wa kweli wakanipita." Susu alimfuta machozi kwa pembe ya leso. "Njugu ungeniomba ningekukaangia, mjukuu wangu. Zilikuwepo jikoni za kula, za kununua sokoni. Sikiliza, nanyi wengine pia. Panya haji kwa mtu bure. Huja kwa sababu ya kitu tulichokitupa na hatutaki kionekane. Uongo nao ni hivyo hivyo, ukiuficha nyuma ya bati, unaulisha. Leo umelifunua bati mwenyewe, na ndiyo maana bado tuna mbegu."

Mvua ilinyesha siku ya tisa baada ya hapo. Walipanda njugu chache, mistari michache, na Ndinda ndiye aliyeipalilia yote. Februari waliivuna, na kila shina lilitoka ardhini limebeba njugu tele. Karani alirudishwa kwake sokoni na kikapu cha njugu za kukaanga, zawadi kwa Mwanahamisi.

Gunia la mbegu lilipojaa, Susu alimpa Ndinda kamba ya mkonge. Akamwelekeza vidole, mara tatu kuzunguka, kisha chini, mpaka fundo likakaa sawasawa kama lake.

"Haya," Susu alisema. "Sasa mafundo yetu yanafanana. Ukila na kufunga, sitajua tena."

Ndinda alilikaza fundo na kulipapasa kwa kidole.

"Nitajua mimi, Susu," alisema.