Maji ya Bluu Mferejini

Kila siku akitoka shule, Chiriku alibadili sare, akala, kisha akaingia kwenye karakana ya mama yake ya kutia vitambaa rangi. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kazi yake ilikuwa kubeba ndoo za maji machafu ya rangi hadi kwenye tangi la kuchujia, nyuma kabisa ya uwanja, halafu kutia alama ya vema kwenye daftari la taka. Sheria ya mazingira ilitaka hivyo.

Wiki moja kukawa na mazoezi ya netiboli. Tangi lilikuwa mbali, mfereji ulikuwa hapo mlangoni. Akamwaga mferejini, akatia vema, akatimua mbio. Siku nne mfululizo.

Siku ya tano alimkuta mkaguzi wa mazingira amesimama na Mama, viatu vya mkaguzi vimelowa rangi ya bluu.

"Maji yako yameingia kwenye bustani ya jirani," mkaguzi alisema. "Mboga zake zimenyauka. Nalazimika kuifunga karakana."

"Hapana, afisa! Maji yetu yote huenda kwenye tangi. Daftari hili hapa. Binti yangu ndiye huyabeba, na hajawahi kunidanganya. Niko tayari kuapa mbele za Mungu."

Uso wa Chiriku ukawaka moto.

"Vipi leo, Chiriku, umemeza ulimi?" fundi mmoja wa rangi pale karakanani alimtania.

Chiriku akaomba kimoyomoyo: Ee Mungu, nipe sauti.

"Mama, usiape," alisema. "Ni mimi. Nilimwaga mferejini, nikaandika uongo."

Mama hakumgombeza. Aliinamisha kichwa mbele ya mkaguzi, na hilo lilimuuma Chiriku kuliko fimbo.

"Nisamehe, afisa. Karakana ni yangu, kosa ni langu. Nilikagua daftari, sikukagua tangi."

Mkaguzi hakuifunga tena karakana. Akaandika onyo, akawapa siku mbili kusafisha mfereji na kumwomba jirani radhi.

Jioni ile mama na mwana walichota tope la bluu bega kwa bega. Chiriku hakuthubutu kuinua macho.

"Mwanangu," Mama alisema hatimaye, "sheria hii si ya kumridhisha mkaguzi. Ni kwa ajili ya jirani anayekula mboga zile. Na ukichoka, sema umechoka. Aliyechoka nitampokea ndoo. Anayenidanganya nitampokea nini?"