Mume Wangu Alimjibu Daktari kwa Niaba Yangu

Nina miaka arobaini na minne, watoto watatu na titi moja. Nasema hilo mapema ili msije mkanionea huruma katikati ya habari. Sitaki huruma. Nina hasira!

Mimi na mume wangu, Baba Shiro, tunauza maziwa hapa Kitengela. Yeye ni mzee wa kanisa, mtu wa suti na sauti ya upole, na watu wanampenda. Mwaka juzi nilianza kukohoa. Hapa kwetu kila mtu hukohoa na kila mtu husema ni vumbi. Nami nikasema ni vumbi... Miezi minne ikapita.

Kila kikohozi kiliponishika dukani, Baba Shiro aliniamuru niingie chumba cha nyuma.

"Nani atakunywa maziwa ya mtu ako na TB?" aliniuliza.

Nami nikaingia! Nilijifunza kukohoa ndani ya leso, katikati ya mitungi, huku yeye akiwachekesha wateja kule mbele. Aliyenisikia ni Naserian, mama anayetuletea maziwa kutoka upande wa Kajiado.

"Supa, Mama Shiro," alinisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa," nikajibu, na kikohozi kikanikata maneno.

"Hiyo kifua si ya vumbi. Enda hospitali."

Baba Shiro akamwambia apime maziwa aende zake.

Kisha siku moja nikioga, niligusa uvimbe mgumu kwenye titi la kushoto. Hapo hata yeye aliogopa, akanipeleka kliniki ya kibinafsi. Kwetu, mwanamke akienda kwa daktari na mumewe, mume ndiye husema. Mama yangu alisemewa hivyo na baba maisha yake yote, nami niliona hiyo ndiyo heshima. Daktari akauliza kama nina maumivu, kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuugua saratani, kama ninakohoa.

"Hapana, daktari. Hakohoi. Kifua yake iko sawa kabisa."

Baba Shiro alisema bila kupepesa jicho! Na mimi? Nilikuwa nimekaa pale pale, nimekibana kikohozi kooni hadi machozi yakanitoka. Daktari alidhani nalilia titi, akanipa karatasi nijipanguse.

Kwa nini nilinyamaza? Najiuliza kila siku. Niliogopa wateja watukimbie, duka lifungwe, watoto wachekwe shuleni... Nilichagua duka. Huo ndio ukweli, na unaniuma kuuandika.

Kipande cha uvimbe kilipelekwa maabara, na fomu iliandikwa kwamba sikohoi. Majibu yalikuja: saratani. Kila mtu akaelewa ni saratani ya titi, nani angefikiria jambo jingine? Wakalikata. Wakanitia dawa za saratani kupitia mishipa, nywele zikatoka, kucha zikawa nyeusi. Waumini walikuja kuniombea, na Baba Shiro akasimama mbele yao akatoa ushuhuda jinsi anavyoniuguza! Kikohozi nacho kikazidi, mpaka nikatema damu.

Nilimwonyesha ile leso. Akasema ni koo limekauka kwa sababu ya dawa. Nilimtazama usoni nikaiona hofu yake... haikuwa hofu ya kunipoteza. Aliogopa kuumbuka! Naserian alipoleta maziwa kesho yake, nilifuatana naye hadi hospitali ya Kajiado bila kuomba ruhusa ya mtu.

Daktari wa huko, binti mdogo kwangu kwa miaka mingi, alinikuta peke yangu.

"Mama, umekohoa tangu lini?"

Hakukuwa na wa kunijibia. Nikasema yote. Akaagiza picha ya kifua, kisha akaomba kile kipande cha kwanza kipimwe upya, kwa vipimo vinavyoonyesha saratani imetoka kiungo gani.

Nilingoja wiki tatu. Saratani yangu haikuanzia kwenye titi! Ilianzia kwenye pafu, ndipo ikasambaa hadi titi. Walikata titi langu, na chanzo chenyewe kikabaki ndani kikijinenepea huku nikitiwa dawa zisizo zake.

"Lakini sijawahi kuvuta sigara," nilimwambia, kana kwamba ningeweza kubishana na karatasi.

Akasema hata wasiovuta huipata. "Tungejua mapema..." akaanza, kisha akavuta karatasi ya kuniandikia dawa. Sikuhitaji amalizie.

Sasa natumia dawa za saratani ya pafu. Zinaupunguzia ugonjwa mwendo, haziuondoi. Mtoto wangu wa mwisho yuko gredi ya nne, na ninachoomba ni kumwona akimaliza shule ya msingi tu.

Baba Shiro amelia, amepiga magoti, ameomba msamaha. Sijamsamehe! Mkitaka kunihukumu, nihukumuni. Juzi alishikilia kunisindikiza kliniki. Daktari akaniuliza nimelalaje, naye akawahi, "Daktari, yeye huwa..."

"Baba Shiro, toka nje," nikamwambia.

Akatoka.

Dada zangu, nawasihi, mkikaa mbele ya daktari semeni wenyewe! Semeni kikohozi, semeni damu, semeni hata yale mnayoyaonea aibu. Mume akitaka kusema, aseme ya mwili wake. Siku ile kule kliniki nilinyamaza nikaonekana mke mwenye adabu. Adabu hiyo ndiyo inayoniua.